Matundu Sita, Mashimo Sita: kisa cha choo cha shule mjini Goma

Mwishoni mwa mwezi wa saba, wiki chache kabla ya shule kufunguliwa, niliitwa kwenye kikao cha komite ya wazazi wa shule moja ya msingi hapa Goma. Sikuitwa kama mzazi wala kama mjenzi. Kazi yangu ni kusoma na kusahihisha maandishi ya Kiswahili, na mwenyekiti wa komite, ambaye kila mtu anamwita Mama Prezida, alikuwa na karatasi mbili zilizokuwa zimevuruga amani ya shule nzima.

Karatasi ya kwanza ilitoka Dar es Salaam. Ilikuwa maelezo ya kazi yaliyoandikwa upande wa mfadhili, kwa Kiswahili kilichonyooka, na mstari wake wa pili ulisema: "Shule ijengewe choo cha wasichana chenye matundu 6." Karatasi ya pili ilikuwa devi ya fundi, yaani makadirio yake ya gharama, yenye mstari wa kwanza usemao: "Kuchimba mashimo 6, kila moja mita 3." Jumla iliyoandikwa chini ya ukurasa ilikaribia mara tatu ya pesa zilizokuwapo.

Mama Prezida aliamini kwamba fundi anataka kula pesa za watoto, na alilisema hilo waziwazi. Fundi mwenyewe ni mzee aliyejenga nyumba nyingi za mtaa ule, hata Direkteri wa shule humwita Papa. Alikuwa amekaa karibu na mlango, kofia mkononi. Alipopewa nafasi alisema maneno machache: "Mama Prezida, hapa banaandika matundu sita. Mi nikafanya devi ya mashimo sita. Kosa yangu iko wapi?"

Nilizisoma karatasi zote mbili mara mbili. Hakuna aliyedanganya. Aliyeandika Dar es Salaam aliandika sawa, fundi alisoma alivyosoma kwa nia njema, na Mama Prezida alikuwa na haki ya kushtuka. Kilichowagombanisha ni neno moja la tundu, na kisa chao kimenifundisha mengi kuhusu namna lugha yetu inavyoyatenga matundu na mashimo, kwa hiyo nakiandika kwa urefu.

Nianze na ardhi, maana bila ardhi ugomvi wenyewe haueleweki. Kwingine, tofauti ya shimo moja na mashimo sita ni siku chache za jembe na koleo. Goma jembe halifui dafu. Mtaa wa shule ile umekaa juu ya lava ya Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, ya tarehe 17 Januari 2002, ile iliyopita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya kiwanja cha ndege na kwenda kuingia ziwani. Lava ikipoa ni jiwe. Shimo la choo huchimbwa kwa nyundo kubwa na baramini, yaani mtaimbo, kipande kwa kipande, na vijana wawili wanaweza kushinda juani toka asubuhi wakatoka na karai chache za mawe. Watu wazima wa mji huu wanaukumbuka Julai 1994, wakimbizi walipovuka kutoka Rwanda kwa mamia ya maelfu na kipindupindu kikawaingilia. Karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi ule wa kwanza. Vyoo vilishindikana kuchimbwa, na makaburi pia, kwa kuwa chini ni mwamba mtupu. Mtu wa Goma akiandikiwa mashimo sita, kabla hajafika kwenye bei tayari anaona mikono yenye malengelenge.

Sasa neno lenyewe. Tanzania tundu la choo ni kipimo. Uwiano uliowekwa huko kwa shule ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Magazeti ya kule huandika kila mara juu ya upungufu wa matundu ya vyoo, na mkuu wa wilaya akizindua choo husema kina matundu kumi. Hapo hakuna anayehesabu mashimo. Kinachohesabiwa ni nafasi moja ambayo mtoto mmoja anaingia, anafunga mlango na kuchuchumaa. Chini ya matundu kumi panaweza kuwa na shimo moja refu. Shule yetu ina wasichana 120. Gawa kwa 20, unapata 6. Mwandishi wa Dar es Salaam alipiga hesabu yake vizuri kabisa, tena kwa kuwajali watoto.

Sisi Goma tunahesabu milango. Desturi hiyo imetoka kwenye Kifaransa cha ofisi na cha mashirika, kinachohesabu choo kwa milango yake, na imezama katika Kiswahili chetu mpaka hatuioni tena kama ya kigeni: choo ya milango ine, choo ya porti sita. Mwambie fundi yeyote wa hapa "choo ya milango sita" na kabla hujamaliza ameshaanza kuhesabu mbao na bati. Choo ni kilekile. Mtanzania anakihesabu akiwa ndani, macho yakiwa sakafuni, na Mgoma anakihesabu akiwa amesimama nje uani. Ingetosha kuandika vyumba 6, na pande zote mbili zingesikilizana. Lakini mwandishi hawezi kujua kwamba neno lake la kila siku ni geni kwa mwenzake, hasa wakati wote wawili wanaiita lugha yao Kiswahili.

Nilimuuliza fundi: "Papa, ukisikia tundu unaona nini?" Akajibu bila kusita: tundu ya sindano. Ngamia na tundu ya sindano, kila mtu amelisikia kanisani. Nikamuuliza tena mbona basi aliandika mashimo. Akaeleza kwamba tundu ya sindano ni kitu kidogo, na choo si kitu cha kupitisha uzi. Alipoliona neno tundu limekaa kando ya neno choo, aliwaza kwamba Waswahili wa pwani wanaliita hivyo shimo lenyewe. Kile kipenyo kidogo cha sakafuni, yeye na wasaidizi wake hukiita katobo, na katika devi zake zote za miaka yote hajawahi kukiandikia mstari. Nani anaandika bei ya katobo?

Jibu lake lilikuwa na maana kubwa kuliko lilivyosikika. Fundi alijua vizuri kwamba tundu si shimo. Aliiacha maana anayoijua kwa sababu aliheshimu karatasi, akadhani Kiswahili cha mbali kina maana yake. Nimeliona jambo hili mara nyingi mashariki mwa Kongo. Tumezoea kuambiwa kwamba Kiswahili chetu kimeharibika, basi maandishi ya sanifu yakigongana na tunachokijua, tunajikana wenyewe kwanza. Linaniuma. Kwa neno tundu, masikio ya fundi yalikuwa sahihi.

Maana tofauti ya shimo na tundu haikubuniwa na watunga kamusi. Shimo lina kitako. Linaanzia juu ya uso wa kitu, aghalabu ardhi, linakwenda chini na kuishia mahali. Mtu anatumbukia ndani yake, maji yanatuama ndani yake. Barabara ya Goma kwenda Sake ina mashimo, haina matundu. Tundu kazi yake ni kuingiza na kutoa: tundu la pua, tundu la sikio, tundu la ufunguo, tundu anamoingia panya. Hata tundu la kuku au la ndege, ambalo ni kibanda au kizimba, ni mahali pa kuingia na kutoka. Wakati mwingine tundu linatokea upande wa pili na wakati mwingine halitokei, lakini macho ya anayelitaja yako kwenye mdomo wake, na kitako hakimhusu.

Tobo limekaa karibu na tundu, ila ndani yake kuna mkono au msumari. Kitu kimetobolewa, au kimetoboka kwa uchakavu: bati, sufuria, tairi, soksi. Mara nyingi ni hasara. Mama akikuambia sufuria ina tobo anakuambia inavuja. Kwa Kiswahili chetu cha Kivu, chenye ka na tu za kupunguza ukubwa, tobo dogo ni katobo na mengi ni tutobo. Kwa hiyo neno la fundi lilikuwa na mantiki yake: sakafuni mna kitu kidogo kinachopitisha.

Mengine nayapita haraka. Mwanya ni nafasi iliyobaki kati ya vitu viwili, kama meno ya mbele au ukuta na paa. Upenyo ni ileile nafasi ikitazamwa na anayetaka kupita. Pengo ni pale palipokuwa na kitu kikaondoka. Pango ni uwazi mkubwa ndani ya mwamba, na lava yetu inayo mengi. Handaki linachimbwa kwa urefu, na katika miaka yetu ya vita watoto wa hapa wamelijua neno hilo kabla hawajajua kuliandika.

Lakini ufa siwezi kuupita haraka, kwa sababu nao ulikuwamo katika karatasi ya Dar es Salaam. Mstari wa tisa ulitaka "kuta za shimo zisiwe na nyufa." Mjumbe mmoja wa komite alipendekeza tuufute, eti kila ukuta una ufa, hilo ni jambo la lipu. Fundi alikataa, na hapo ndipo watu walipoanza kumsikiliza kwa sikio lingine. Alisema: huku kwetu ufa ndio ulioleta moto. Ni kweli tupu. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava lililokuwa juu ya Nyiragongo lilimwagika kupitia nyufa za ubavuni, kwa muda usiofika saa nzima. Mwaka 2002 mlima ulipasuka tena upande wa kusini, nyufa zikashuka kuelekea mji. Tarehe 22 Mei 2021 lava ilitoka tena ubavuni, na siku zilizofuata ardhi ya mjini ikaonyesha nyufa barabarani na ndani ya nyumba, mpaka tarehe 27 wenyeji wa sehemu kubwa ya mji wakaamriwa kuhama na maelfu wakaelekea Sake. Vitabu vya shule vinatufundisha kwamba mdomo wa volkano unaitwa kasoko. Wengi wetu hatujawahi kuiona kasoko ya Nyiragongo kwa karibu. Nyufa tunazifahamu.

Kwa choo, ufa una hatari nyingine. Jiwe la lava limejaa nyufa na mapango madogo. Ukichimba shimo ukakuta ufa kwenye kitako, maji machafu hayatachujwa na udongo kwa sababu udongo haupo. Yatapita kwenye ufa kwenda chini, na chini ya Goma kuna ziwa. Maji ya mji yanavutwa kutoka Ziwa Kivu, na wasio na bomba wanakwenda kuchota ufukweni kwa bidoni, yaani madumu. Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta tumeizoea kama maneno ya kupamba hotuba. Kwa fundi ni mstari wa devi: saruji kiasi gani, siku ngapi. Mstari wa tisa ulibaki.

Kuna jambo jingine lililojitokeza walipokuwa wakibishana pa kujenga. Mtu alipendekeza kibonde kilicho nyuma ya madarasa, kwamba pale mashimo yameshajichimba yenyewe. Bibi mmoja, jirani wa shule, akasema hapana, pale mbuzi walikufa. Katika sehemu nyingi za mji huu na kuelekea Sake, hewa ukaa inatoka ardhini, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida inatuama kwenye vibonde na mashimo. Haina rangi wala harufu ya kukuonya. Tunaiita mazuku, na neno lilelile tunalitumia kwa hewa na kwa mahali penyewe: usipite pale, ni mazuku. Sijui kama kile kibonde kweli kina gesi. Komite haikutaka kubahatisha na ikachagua sehemu iliyoinuka. Nilibaki nikiwaza kwamba tundu likipitisha hewa litakuachia, lakini shimo linashika.

Sasa narudi kwenye karatasi. Kazi niliyopewa ilikuwa kuandika upya mstari wa pili ili Dar es Salaam na Goma wasome kitu kimoja. Nilidhani nimepata ufunguo: kila nomino ipewe kitenzi chake. Shimo huchimbwa, tundu hutobolewa. Vivyo hivyo kwenye kufunga: shimo hufukiwa, tundu huzibwa, mlango hufungwa. Ukiwa na shaka juu ya nomino, kitenzi kitakuonyesha njia. Kama karatasi ya kwanza ingesema "lichimbwe shimo 1 na juu yake yatobolewe matundu 6," fundi asingekosea hata kidogo. Nikaandika hivyo, nikamsomea.

Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa. "Hatutoboaka, Mwalimu. Tunaachaka."

Akanipeleka nje, kwenye rundo la mbao kando ya ukuta, akaokota kipande cha ubao kilichokuwa kimepakwa mafuta ya gari yaliyotumika. Kilikatwa kwa umbo la tundu la ufunguo: upande mmoja mviringo, upande wa pili mwembamba kidogo, na kando zake zimeinama ili ubao uwe mpana juu na mwembamba chini. Akaniwekea mkononi. Kilikuwa kizito kuliko nilivyotarajia, na mafuta yakaniachia weusi vidoleni. Akaeleza kwamba dale, lile bamba la zege la sakafu, linamwagwa huku ubao huu ukiwa umeshakaa mahali pake, na vyuma vimepindwa kuuzunguka. Zege likianza kushika, ubao unazungushwa taratibu na kuvutwa juu. Kando zimeinamishwa ili utoke bila kuvunja. Nafasi inabaki. Ukija kutoboa dale baada ya kukauka utakata vyuma, na dale lililokatwa vyuma siku moja litamwangusha mtoto shimoni.

Basi kitenzi ni kuacha. Lugha yetu inalijua hilo tangu zamani: fundi wa nyumba huacha mlango, huacha dirisha, huacha tundu la bomba. Kutoboa ni kwa kitu ambacho kilikuwa kizima. Mimi nilichukua kitenzi kutoka kwenye uhusiano wa maneno, yeye alikitoa kwenye zege, na kwenye maelezo ya kazi zege ndilo lenye neno la mwisho.

Akanisahihisha pia kwenye shimo. Katika mwamba ule hakuwa na mpango wa kuchimba mita 3, hata kwa shimo moja. Wanachimba mita moja hivi, kisha wanapandisha kuta za mawe ya lava juu ya ardhi, wanazipiga lipu ndani, dale linakaa juu, na watoto wanapanda ngazi kuingia. Kitu hicho hawakiiti shimo. Wanakiita fosi. Nilijaribu kutafuta neno la sanifu litakalokitaja bila kupoteza kitu. Shimo halifai, kwa maana nusu yake iko juu ya ardhi na haikuchimbwa. Karo la maji machafu lingekaribia, lakini kwa msomaji wa Goma lingeleta fumbo jipya mahali pa lile la zamani. Nikaiacha fosi ilivyo, nikaifafanua ndani ya sentensi. Neno linalotumiwa na mchimbaji, mlipaji na mkaguzi wa mahali pamoja lina haki ya kuingia kwenye karatasi yao.

Mstari wa pili ukawa hivi: "Shule ijengewe choo cha wasichana cha milango 6, yaani vyumba 6, kila chumba kikiwa na tundu 1. Matundu yaachwe katika dale wakati wa kumwaga zege, yasitobolewe baadaye. Chini ya vyumba vyote iwepo fosi 1, sehemu yake ikichimbwa katika mwamba na sehemu ikijengwa kwa mawe juu ya ardhi, imegawanywa vyumba 2 kwa ukuta." Tukaongeza mstari kuhusu mwanya wa kupitisha hewa kati ya ukuta na paa. Huo haukuleta ubishi.

Mama Prezida aliusoma kwa sauti, taratibu, akihesabu kwa kidole: milango sita, matundu sita, fosi moja. Alipomaliza alimgeukia fundi, akamwita Papa kwa mara ya kwanza siku ile, na kumwomba msamaha mbele ya wote. Mzee alisema yamekwisha, akaomba karatasi ya mraba ili aandike devi nyingine palepale. Katika devi hiyo mpya, kwa mara ya kwanza, katobo kalipata mstari wake: mbao za matundu, 6.

Nakala niliituma Dar es Salaam jioni ileile. Mwandishi alijibu kesho yake asubuhi. Alikuwa hajawahi kufikiria kwamba tundu lingeweza kusomeka shimo, na amesema maandishi yake yajayo ya upande huu yataandika vyumba. Swali lake lilikuwa moja tu, dale ni nini. Kazi ilipofika kwenye dale nilirudi shuleni, nikapiga picha ya ubao ule wenye umbo la tundu la ufunguo ukiwa umesimama kati ya vyuma vilivyopindwa, zege bado halijamwagwa, nikamtumia.